Dawa ya maji na safari zangu za Kariakoo

Nilipoandikiwa furosemidi, ile ambayo wengi tunaiita Lasix, miligramu 40 kila asubuhi, miguu ilikuwa imevimba hadi mikanda ya ndala inaacha alama. Ukibonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo, shimo linabaki. Usiku nalala nimeegemea mito mitatu, maana nikilala chali pumzi inakata. Daktari alinieleza kuwa moyo umechoka kusukuma damu, ndiyo maana maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu. Kidonge kinazifanya figo zitoe chumvi, na chumvi ikitoka, maji yanaifuata kwenye mkojo.

Wiki ya kwanza nilishuka kutoka kilo 72 hadi 68. Nikalala kwa mto mmoja. Nilimshukuru Mungu.

Shida ikawa choo. Kidonge kinaanza kazi ndani ya saa moja, na saa mbili tatu za mwanzo ndizo kali. Mimi ni fundi nguo, naishi Mbagala, na kila Jumanne nafuata vitambaa Kariakoo. Nilikuwa nameza saa kumi na mbili asubuhi, nusu saa baadaye niko kwenye daladala. Kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa mkojo ukanibana hadi machozi. Nilishuka njiani, nikakimbilia choo cha msikiti, na mzee wa pale, Mungu ambariki, hakuniuliza kitu. Kuanzia hapo siku za safari nikawa sinywi dawa.

Kisha ukatokea msiba Morogoro. Basi, matanga, wageni nyumba nzima. Siku tatu sikumeza kidonge hata kimoja. Niliporudi mizani ilisoma 71 na mito mitatu ikarudi kitandani. Kliniki nesi aliniuliza, “Mama, dawa umemeza lini mara ya mwisho?” Nikamwambia Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Hakunigombeza. Alisema, “Siku ya safari badilisha saa tu, mama, usiiache.” Daktari naye akakubali, ila nisimeze jioni, nisije nikakesha chooni.

Sasa Jumanne naamka saa kumi alfajiri, nameza, nakata vitambaa nikiwa karibu na choo, natoka saa mbili. Safari ya mbali nameza nikishafika, kama bado ni mchana. Jambo dogo hivyo, na lilikuwa karibu kunirudisha wodini.

Miezi miwili baadaye yakaja mengine. Usiku shavu la mguu linakaza kama kamba ya kuanikia nguo, mchana mwili hauna nguvu. Kipimo cha damu kilionyesha potasiamu, aina ya madini mwilini, ni 3.0, wakati inatakiwa isipungue 3.5. Inatoka pamoja na mkojo, na ikishuka sana mapigo ya moyo yanaharibika. Jirani alinishauri ndizi na madafu kwa wingi, maana vina potasiamu. Nashukuru niliuliza kwanza, kwa sababu daktari aliniongezea spironolaktoni miligramu 25, ambayo yenyewe inazuia potasiamu isitoke. Ukichanganya na madafu kila siku inaweza kupanda kupita kiasi, nayo ni hatari vilevile kwa moyo. Damu ikapimwa tena baada ya wiki moja, na hata sasa inapimwa pamoja na figo.

Kizunguzungu ninacho kidogo nikiinuka ghafla, kwa hiyo nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Goti likiuma sinunui tena diklofenaki dukani. Nilikuwa naimeza bila kujua kwamba inazuia maji kutoka na inazichosha figo. Nikiharisha au kutapika, napiga simu kliniki kabla ya kumeza kidonge kinachofuata, maana mwili unakauka upesi.

Mizani yangu iko chini ya kitanda. Napima kila asubuhi nikishakojoa, kabla ya chai, naandika kwenye daftari lilelile la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma. Nikiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, sisubiri tarehe ya kliniki. Leo imesoma 68.3, na ndala zimevulika bila kuacha alama.