Kengele Walizoziacha Sakafuni

Mama aliyenipeleka Lübeck alikuwa Mjerumani wa miaka sabini na ushee, muuguzi mstaafu aliyewahi kufanya kazi Nyanda za Juu Kusini enzi za Mwalimu. Kiswahili chake kilikuwa cha wodini: kifupi, cha amri, hakina makosa. Nilipomwamkia shikamoo pale stesheni aliitikia marahaba, halafu akaongeza "kamwene" ili nijue kwamba Iringa anaifahamu kuliko mimi ninavyoifahamu Ujerumani. Ilikuwa Novemba 2011, nikisomea uhandisi wa majengo Hamburg, na baridi ilishaniingia mifupani.

Tulipita Holstentor, lile lango la mji la karne ya 15 ambalo minara yake imeinama kwa sababu ardhi ya chini ni tepetepe. Watalii walikuwa wamejipanga kupiga picha. Mama hakusimama hata kidogo.

"Hilo utaliona kwenye kila boksi la peremende. Twende kanisani, mwanangu."

Kanisa lenyewe ni Marienkirche, na kabla hatujaingia mlangoni mimi nilishanasa ukutani. Matofali ya kuchoma! Baba yangu mdogo alikuwa anawasha tanuri kila kiangazi kule kwetu, na kichwani mwangu tofali la kuchoma lilikuwa la nyumba ya vyumba viwili na choo cha nje. Hapa wameyapandisha mpaka minara miwili ya kama mita 125, na dari la matao kule ndani liko mita 38 na nusu juu ya sakafu. Hakuna dari la aina hiyo la matofali lililo juu zaidi duniani. Sababu ni ileile ya kwetu: mawe ya kuchonga hakuna, udongo wa mfinyanzi tele. Wafanyabiashara wa Lübeck walikuwa wametajirika kwa chumvi na samaki, wakatamani makanisa marefu waliyokuwa nayo Wafaransa, wakaamua tofali lifanye kazi ya jiwe. Miji mingine ya Bahari ya Baltiki ikawaiga. Nilipitisha kidole kwenye ukuta. Mengine yamepinda kidogo, mengine yameiva kupita kiasi hadi yakawa meusi. Hayo nilijua kabisa yalikaa upande gani wa moto.

Ndani, chini ya mnara wa kusini, ndipo zilipo kengele. Zimelala palepale zilipoangukia usiku wa kuamkia Jumapili ya Mitende, tarehe 29 Machi 1942, baada ya ndege za Uingereza kuumwagia mji mabomu ya moto. Kubwa kuliko zote ilikuwa na uzito unaozidi tani 7. Shaba yake imepasuka vipande, na kingo nyingine zimelainika kwa joto zikapoteza umbo. Wamezungushia uzio wa chuma, basi. Mama alikuwa na miaka mitano usiku ule. Anachokumbuka ni blanketi lililoloweshwa maji, na mama yake akimkataza kugeuka nyuma.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe alichotaka kunionyesha kilikuwa juu ya madhabahu, na hakikuwepo.

Moto ule uliambua chokaa ukutani, michoro ya zamani ikachungulia. Vita vilipoisha aliajiriwa mrekebishaji, Dietrich Fey, pamoja na msaidizi wake, Lothar Malskat. Kule juu, kwenye kuta za upande wa madhabahu, palikuwa hapana mchoro wa maana uliobaki. Malskat akachora watakatifu wapya kabisa, akawazeesha. Mwaka 1951 kanisa likaadhimisha miaka 700, Kansela Adenauer akahudhuria, wataalamu wakasifu ustadi wa mafundi wa kale. Mwaka uliofuata Malskat akajiripoti mwenyewe, na mwanzoni hakuna aliyetaka kumsikiliza! Ikakumbukwa na kazi yake ya kabla ya vita katika kanisa kuu la Schleswig, alikodai kuwa alichora bata mzinga kwenye ukuta wa zama za kati, ndege wa Amerika ambaye Ulaya ya zama hizo ilikuwa haijamwona. Mwaka 1955 akahukumiwa miezi 18 jela. Watakatifu wake wakaoshwa.

"Mimi ningewaacha," nilimwambia Mama. Na bado nasema hivyo. Kengele zilizovunjika mmeziacha ili watu wajue kilichotokea. Huo uongo nao ulitokea, tena ulikuwa na kibali cha wakubwa. Ukuta mtupu haumwelezi mgeni chochote.

"Kengele hazikumdanganya mtu," alijibu, akafunga koti.

Tulibishana njia nzima mpaka nyumbani kwake, yeye akinitajia amri ya nane, usishuhudie uongo, mimi nikimtajia uhandisi. Jikoni alifungua droo, akatoa albamu ndogo ya stempu. Stempu ya 1951 ilikuwemo: nyuso za watakatifu wa Malskat, na bei yenye nyongeza ya pfennig 5, senti za Kijerumani za wakati huo, za kusaidia ujenzi wa kanisa. Aliinunua akiwa mwanafunzi.

"Sasa Mama, ukuta mmeuosha, hii mbona hukuitupa?"

"Nilitoa pfennig tano zangu," alisema, akaifunga albamu. "Na wewe kaa, supu inapoa."