Alhamisi ya mnyoo jichoni: siku yangu moja kliniki ya macho, Kigoma

Kigoma jua halina haraka. Saa kumi na mbili asubuhi, wenzetu wa Dar wakiwa wameshakwama kwenye foleni, huku kwetu bado giza. Ukisimama kibarazani kwangu hapa Mwanga unaona taa za mitumbwi ya dagaa zikirudi mojamoja kutoka ziwani. Hiyo ndiyo saa yangu ya chai ya tangawizi, kabla simu haijaanza. Leo simu imeitangulia chai. Ni Sista wa zamu.

"Daktari, kuna mzee hapa ana mdudu anatembea ndani ya jicho. Sikutanii, anatembea."

Nikamwambia nakuja, nikamalizia kikombe changu taratibu. Niwe mkweli, sikumwamini. Huku kwetu kila kinachowasha jichoni ni mdudu. Mzio ni mdudu, kope iliyojikunja kwa ndani ni mdudu, hata jicho lililokauka kwa moshi wa jikoni ni mdudu. Katika miaka tisa ya kazi hii wadudu walioletwa kwangu hawahesabiki, na mpaka jana niliokuwa nimewaona kweli walikuwa inzi waliojigonga na kunasa kwenye kope.

Saa moja na nusu nilikuwa kliniki. Mzee amekaa peke yake mwisho wa benchi, kofia ya kufuma mkononi, kanzu safi. Ni mtu wa Ujiji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Daktari anafika saa ngapi?"

Hilo nimelizoea. Nikamwambia ameshafika, nikamwekea kidevu kwenye darubini. Jicho la kulia lilikuwa jekundu kidogo, basi. Hakuna kitu. Sista, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akaapa kwa jina la mama yake kwamba alikiona kikipita juu ya weupe wa jicho, cheupe, chembamba kama uzi wa kushonea, kikajizika kwenye kona ya pua. Mzee akacheka bila furaha: "Kila nikifika hospitali anajificha. Watoto wangu wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa."

Hapo nikamuuliza swali ambalo kwenye fani yetu lina thamani kuliko nusu ya vifaa tulivyo navyo. Umekaa wapi maishani mwako?

Alipasua mbao Kongo miaka saba. Si Kalemie wala Uvira, ambako watu wa Kigoma huenda na kurudi kama wanakwenda sokoni. Alikuwa mbali kaskazini, kwenye misitu ya upande wa Buta. Amerudi nyumbani miaka mitatu sasa. Na mkono je, huwa unavimba? Akaniangalia kama niliyemsomea kitabu chake cha siri. Ndiyo, unavimba kwenye kifundo, siku mbili tatu, kisha unapotea wenyewe, halafu unakuja mwingine mahali pengine. Alishalipa mbuzi wawili kwa mganga kwa sababu ya uvimbe huo.

Loa loa. Nilisomeshwa Moshi kwa picha, nikaujibu kwenye mtihani, nikausahau. Ni mnyoo wa misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi, huku hatuna. Huenezwa na inzi wakubwa wa rangi ya kutu wanaouma mchana, na moshi wa kuni ndio unaowavuta, kwa hiyo kambi ya wapasua mbao yenye moto usiozimika ni karamu yao. Mnyoo mkubwa hutembea chini ya ngozi miaka kumi na zaidi. Ukipita jichoni mtu anauona kwa jicho lake mwenyewe, na ukikaa karibu na kiungo, mkono unavimba.

Nikamwambia mzee asiondoke. Mnyoo wenyewe haukunitia wasiwasi, maana kuutoa ni kazi ya dakika kumi ukitokeza. Wasiwasi wangu ulikuwa dawa. Mtu yeyote wa afya ukimwambia "minyoo ya macho" mkono wake unakwenda kwenye Mectizan, yaani ivermectin, na kwa usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaopofusha, hiyo ndiyo dawa haswa. Lakini mwenye Loa loa ana watoto wa mnyoo wanaoelea kwenye damu, na wakizidi 30,000 kwa mililita moja, Mectizan inaweza kumpeleka kwenye kupoteza fahamu asiamke. Dawa nyingine, DEC, inaua mnyoo mkubwa, ila nayo ni hatari damu ikiwa imejaa, na kama mtu ana usubi pia inaweza kumharibia macho moja kwa moja. Na misitu ya upande wa Buta ina vyote viwili. Kwa hiyo kabla ya kidonge chochote, tuhesabu.

Saa mbili hadi saa nne ni foleni ya kawaida. Mtoto wa jicho kumi na mmoja, presha ya macho wanne, na mwalimu mmoja aliyevunja miwani kwa kuikalia. Sina la kusimulia hapo.

Kijana wa swila naye alirudi, nimtaje kidogo. Juzi alikuwa anakusanya kuni, nyoka akamtemea macho yote mawili kutoka hatua kama tatu. Bahati yake alikuwa na dada mwenye akili: alimlaza chali, akammiminia maji ndoo nzima, tena akamfungua kope kwa nguvu huku akilia. Wengine hutumia maziwa, na kama maji hayapo si vibaya. Ubaya ni majani yaliyotafunwa. Leo nilimtia rangi ya chungwa, nikawasha mwanga wa buluu. Juzi kioo chote cha jicho kilingʼaa kijani, leo kimebaki kidoa kidogo kama punje ya mtama upande wa chini. Dawa ya sumu ya nyoka ya kuchoma sindano haihitaji, kwa kuwa sumu ya jichoni haiendi mwilini. Matone ya kuzuia vijidudu, ya kutuliza mboni, na steroidi tusiiguse. Akauliza kama anaweza kurudi kukata kuni. Dada yake akajibu kabla yangu.

Saa nne na nusu akaingia mama kutoka Buhigwe na mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane. Hakusema neno, alinipa simu. Picha ya sikukuu, watoto watano wamepangwa, wote mboni zao nyekundu kwa taa ya simu isipokuwa huyu mmoja, jicho la kushoto limewaka jeupe kama la paka gizani. Alishalipeleka kwenye zahanati moja miezi minne nyuma, akaambiwa mtoto akikua litaondoka.

Haliondoki. Ni saratani ya retina, na kwa umri huu kila wiki ni pesa inayotoka mfukoni bila kurudi. Ikibanwa ndani ya jicho, mtoto anapona na anakua. Ikishatoka nje ya jicho kwa njia ya mshipa wa fahamu, tunabaki kuomba. Nilimtazama na la kulia kwa muda mrefu kuliko la kushoto, maana ugonjwa huu unaweza kuwa wa kurithi na kushika yote mawili. La kulia ni safi. Nikamwandikia rufaa ya Muhimbili, nikamwambia mama awalete na wale wengine wanne wa kwenye picha, walio ndugu wa tumbo moja.

Baba yake alikuwa kwenye simu, sauti ya juu. "Daktari, wewe una mtoto? Nikulipe nauli mpaka Dar ukamtoe mwanangu jicho?"

Sina mtoto, na sikumjibu hilo. Nilimwambia jicho hilo halioni tayari, na kinachotolewa ni ugonjwa. Akasema atamuuliza kaka yake mkubwa. Mama alikaa pale nje mpaka saa saba akisubiri baba mkubwa apige.

Saa sita kamili nikampeleka mzee maabara mwenyewe, kwa sababu nilijua patakuwa na ubishi. Kaka wa maabara ni makini sana, tatizo ni kwamba alifundwa kwenye matende.

"Minyoo ya damu tunachukua usiku, daktari. Saa nne usiku. Mchana hupati kitu."

"Ya matende, ndiyo. Hawa wanatoka mchana, kati ya saa nne na saa nane, muda ule ule inzi wao anapouma."

Hakuridhika, akachukua damu hata hivyo, mikrolita 50, sura ya mtu anayepoteza kioo cha slaidi bure. Nikamchukulia mzee na vipande viwili vya ngozi kiunoni, vidogo kama kichwa cha pini, vya kutafutia usubi.

Saa nane kasorobo nilikuwa na kipande cha muhogo wa kuchoma mdomoni Sista aliponiita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Alikuwa amemwekea mzee kitambaa cha maji ya moto juu ya kope, maana joto huuvuta mnyoo juu. Ulikuwa umetokeza.

Nimefanya upasuaji wa macho mwingi, lakini sikuwahi kuona kitu kilicho hai kikijipinda chini ya utando wa jicho la mtu anayenisalimia. Ulikuwa unakwenda pole pole, labda sentimita moja kwa dakika, ukijikunja na kujinyoosha, na mzee akasema kwa utulivu: "Ndiye huyo. Sasa anaelekea juu." Matone ya ganzi, kisha sindano ndogo ya ganzi pembeni ya mnyoo, ambayo pia huufanya ulegee. Nikaukamata kwa kibanio pamoja na utando wenyewe, sikuthubutu kuachia. Sista akanipa mkasi. Mkato wa milimita tatu. Kitanzi kikachomoza, nikakivuta kama unavyovuta uzi kwenye pindo usiotaka kukatika, kwa upole na bila kusimama. Ukatoka wote. Sentimita tano na nusu kwa rula ya Sista, na kwenye kikombe cha maji ya chumvi ukaendelea kujipinda.

Mzee akaomba auone. Aliutazama muda mrefu.

"Mbuzi wawili," akasema.

Halafu akauliza wamebaki wangapi. Nikamwambia huyu mmoja kutoka si kupona, wenzake wanaweza kuwa popote mwilini.

Saa kumi jioni kaka wa maabara alikuja mwenyewe, hakutuma karatasi. Amehesabu mara mbili. Wadogo 612 kwenye mikrolita 50, yaani zaidi ya 12,000 kwa mililita. Akanivuta kwenye hadubini anionyeshe mkia: viini vimepangwa hadi ncha kabisa, wakati wa matende huishia kabla ya ncha. Alikuwa na furaha ya mtoto. Kwenye ngozi, baada ya saa tatu kwenye maji ya chumvi, hakuona cha usubi.

Saa mbili usiku ni kikao chetu cha Alhamisi, madaktari wa macho kama saba tunaunganishwa kwenye simu moja, kila mtu na kisa chake. Mmoja alileta mvuvi mwenye kuvu kwenye kioo cha jicho aliyeuziwa matone ya steroidi dukani. Tulimwonea huruma, tukaendelea. Kisa changu kilichukua dakika arobaini. Vijana walitaka DEC, kwa vile ngozi ni safi. Mwalimu wetu mmoja, mstaafu, akauliza kipimo mara ya pili, akasema juu ya 8,000 yeye hampi mtu DEC nyumbani wala wodini. Albendazo, miligramu 200 asubuhi na jioni, siku 21, inawapunguza polepole bila kishindo, kisha tuhesabu upya. Na kwenye faili, kwa kalamu nyekundu: asipewe Mectizan. Nilikuwa nimeshaandika.

Baba wa Buhigwe hakupiga. Nimempigia mimi saa tatu, simu imezimwa. Mama amelala kwa shangazi yake Gungu, na basi la asubuhi linaondoka kabla jua halijachomoza. Nimemwambia nitakuwa stendi.

Saa tatu na nusu simu ikaita, ni mtoto wa yule mzee.

"Samahani kwa usiku, daktari. Mzee anauliza hizi dawa anakunywa tumbo tupu?"

"Hapana, ale kwanza. Tena chakula chenye mafuta, ndiyo dawa inaingia vizuri mwilini."

Nikamsikia akigeuka kumwambia mtu, na sauti ya mzee ikajibu kwa mbali.

"Anauliza, migebuka kwa mawese?"

Nikamwambia mawese yasipunguzwe.