Sauti za Procida kwa mdogo wangu

Mdogo wangu ana valvu ya chuma moyoni. Usiku, nyumbani Tanga, ukilala naye chumba kimoja unaisikia: tik, tik, kama saa ya mkono iliyosahaulika kabatini. Alikuwa kijana wa sekondari koo lilipomuuma. Tukamsukutuza maji ya chumvi, likapoa. Kumbe homa ya baridi yabisi ilikuwa imeshaufikia moyo. Ukoo ukachanga, majirani wakachanga, msikitini wakapitisha kikapu, akapelekwa India kupasuliwa. Alirudi na kovu refu kifuani, dawa ya kuzuia damu isigande, na filamu aliyowekewa kwenye flashi na mgonjwa wa kitanda cha pili: Il Postino, yaani mpeleka barua.

Ameitazama mpaka maneno anayajua. Kwa hiyo kazi iliponipeleka Roma mwezi wa Mei, siku zangu mbili za mapumziko zilikuwa na mwenyewe tayari.

Napoli nilipanda Circumvesuviana, treni yenye kelele, watu tumebanana kama daladala ya jioni, mlima Vesuvio umesimama dirishani. Nikashuka San Giorgio a Cremano. Si mji wa watalii: maghorofa, nguo zimeanikwa barazani, wazee wamekaa na kahawa zao. Hapa ndipo alipozaliwa Massimo Troisi, mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, tarehe 19 Februari 1953, kitinda mimba wa watoto sita, baba yake dereva wa treni. Na hapa ndipo alipozikwa.

Utotoni aliugua homa ileile aliyoiugua mdogo wangu, ikamharibu moyo. Mwaka 1976, akiwa na miaka 23, alisafirishwa hadi Houston, Marekani, kufanyiwa upasuaji wa valvu, na gazeti la Il Mattino la Napoli lilimsaidia kwa kukusanya michango. Nililijua hilo kabla sijafika, lakini kulikumbuka nikiwa nimesimama kwenye mtaa wao ni jambo jingine. Niliwaangalia wale wazee wa kahawa nikajiuliza nani kati yao alitoa chochote. Nikaliona lile daftari la baba yetu, jina na kiasi, jina na kiasi, mstari wa mwisho mama muuza maandazi: shilingi elfu mbili.

Aliporudi aliendelea na jukwaa. Pamoja na Lello Arena na Enzo Decaro walikuwa kundi la vichekesho la La Smorfia, televisheni ikawatangaza Italia nzima. Kisha mwaka 1981 akaandika, akaongoza na kuigiza filamu yake ya kwanza, Ricomincio da tre, yaani naanza upya kuanzia tatu. Gaetano, kijana wa Napoli, anaondoka kwao. Rafiki yake anamwambia sawa, unaanza tena sifuri. Anakataa. Kwa nini sifuri? Mambo matatu maishani yamemwendea vizuri, hayo hayatupi, ataanzia tatu.

Kuna jambo katika filamu hiyo linalonigusa mimi binafsi. Kila anayekutana na Gaetano anamwuliza kama ni mhamiaji, kana kwamba mtu wa Napoli hana ruhusa ya kusafiri kwa kutaka tu kuona dunia. Bandarini, nikisubiri boti, mzee mmoja aliniuliza swali hilohilo, kwa upole kabisa. Nilimjibu kwa Kiitaliano changu cha kuokoteza kwamba nimekuja kwa ajili ya Troisi. Uso ukamfunguka. Akaanza kumwigiza: maneno yanatafunwa, yanarudiwa, yanamezwa katikati, mikono ndiyo inamalizia sentensi. Ndivyo Troisi alivyosema Kinapoli chake mbele ya kamera, na hakukinyoosha ili watu wa kaskazini wapate wepesi. Walimfuata hivyohivyo. Kwangu, uzuri wa vichekesho vyake ni kwamba hamcheki mtu aliye chini yake; aibu yote anaibeba mwenyewe.

Feri ya kwenda kisiwa cha Procida ni kama saa moja. Bandari ya wavuvi, Corricella, unaishukia kwa ngazi, na gari haliingii. Nyumba zimepakwa waridi, njano, buluu iliyochujuka kwa chumvi; nyavu zimerundikwa ukingoni, paka amelala juu yake. Harufu ni ya soko la samaki la Deep Sea kwetu Tanga asubuhi, samaki na dizeli.

Mwaka 1994 Troisi alikuja hapa kumwigiza Mario wa Il Postino, mpeleka barua wa baiskeli anayejifunza ushairi kwa Pablo Neruda, mshairi wa Chile. Sehemu nyingine zilipigwa kisiwa cha Salina. Madaktari walitaka apandikizwe moyo. Yeye akataka amalize filamu kwanza. Alikuwa na nguvu za saa moja au mbili tu kwa siku, na kwenye baiskeli akatafutiwa mtu wa kufanana naye. Ile pumzi fupi ya Mario si ya kuigiza. Upigaji ulikwisha tarehe 3 Juni. Kesho yake akafa usingizini, Ostia karibu na Roma, nyumbani kwa dada yake. Miaka 41. Mwaka 1996 alipendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora, hayupo.

Nilitembea hadi ufuo wa Pozzo Vecchio. Mchanga wake ni mweusi, wa volkano, na siku hizi wanauita ufuo wa mpeleka barua. Katika filamu, Mario anamrekodia Neruda sauti za kisiwa: mawimbi madogo, mawimbi makubwa, upepo, kengele ya kanisa, hata moyo wa mtoto aliye bado tumboni. Nikachuchumaa, nikaishika simu karibu na maji. Mawimbi madogo, sekunde ishirini. Nikamtumia mdogo wangu bila neno.

Jibu lilikuja nikiwa napanda kurudi bandarini. Ujumbe wa sauti, nao hauna neno. Nilidhani mtandao umekata. Nikaubana sikioni, nikasimama katikati ya njia. Alikuwa ameilaza simu kifuani. Tik. Tik. Tik.