Jinsi nilivyoitenganisha mikorosho na nyasi kwenye picha za setilaiti, Newala

Picha za Sentinel-2 (setilaiti za Ulaya zinazopiga picha za ardhi) za mwezi Machi zilionyesha shamba letu lote kijani tupu. Wakati wa mvua, nyasi chini ya mikorosho hung'aa sawa na mikorosho yenyewe, tena mawingu ni mengi.

Dawa ilikuwa kubadili msimu. Nikachukua za Agosti: nyasi zimekauka, mkorosho bado una majani, hivyo kijani kinachobaki ni chake. Nikakokotoa NDVI, yaani kipimo cha ukijani wa mimea, kwa bendi ya mwanga mwekundu na ya infraredi ya karibu (mwanga usioonekana kwa macho), zote zenye pikseli za mita 10. Kona ya bondeni ikaonekana imefifia. Kufika pale, maua na majani machanga yamefunikwa unga mweupe: ubwiri unga wenyewe, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho! Kupuliza salfa, dawa yake ya unga, tukaanzia huko, alfajiri, umande ungalipo ili ishike vizuri.