Sahani ya njano

Jumatano asubuhi nilifungua inkubeta ya maabara yetu, kabati la joto la kuoteshea vijidudu, nikakuta sahani ya mkojo wa mama mdogo imegeuka njano. Jana yake jioni ilikuwa bado na ile rangi ya bluu-kijani ya agari mpya, ile jeli ya kulishia bakteria. Vidoa vya bakteria vilijaa kama mtama uliomwagika mkekani. Nilihesabu, nikafika mia, nikaacha. Kitanzi chetu cha kupandia sampuli kinachota mikrolita 1 tu ya mkojo, kwa hiyo kidoa kimoja ni bakteria elfu moja katika kila mililita. Vidoa mia ni laki moja, na laki moja haina ubishi: ni maambukizi ya njia ya mkojo, UTI. Vipimo vilivyofuata vikasema Escherichia coli. Mara ya nne mwaka huu.

Mama mdogo anauza viazi Uyole, hapa Mbeya. Msimu wa baridi anafika sokoni kabla ya saa kumi na mbili, amejifunga vitenge viwili na sweta, na hanywi maji mpaka mchana, kwa sababu akinywa itabidi aende choo, na akienda choo nani atabaki na magunia? Nimemsema sana. Ananijibu, "Mwanangu, baridi hii nani ana kiu?" Ana miaka 58. Tangu hedhi ikome, homoni ya estrojeni imepungua mwilini, na wale bakteria wema waliokuwa wakilinda njia ya uke wamepungua nayo. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi. Kwa vijidudu vinavyotoka kwenye utumbo, hiyo ni safari fupi mno.

Kabla ya kuja kwangu alikuwa ameshachomwa sindano tano mahali fulani, akaambiwa ana "UTI sugu". Neno hilo linaniumiza. Mkojo haukuoteshwa, hakuna aliyejua ni kijidudu gani wala kinasikia dawa ipi, lakini usugu umeshatangazwa na sindano zimeshalipiwa. Usugu wa kweli unaonekana kwenye sahani: unaweka vidiski vya dawa, na dawa inayofanya kazi inajichorea duara safi kuzunguka kidiski. Kwa mama mdogo, septrini haikuchora chochote. Sipro ilichora kaduara kembamba. Nitrofurantoini ndiyo iliyochora duara la kunipa moyo. Utafiti wa HATUA, uliowapima wagonjwa wa UTI Kenya, Uganda na Tanzania, ulichukua sampuli Mbeya pia, pamoja na Mwanza na Kilimanjaro, na usugu wa dawa nyingi kwa mpigo ulionekana kote. Ndiyo maana siku hizi nikitoka kazini nasoma habari za chanjo.

Nilikuwa nikijiuliza: mtu akiugua surua mara moja, mwili unakumbuka maisha yote. Kwa nini kibofu kinaugua mara nne kwa mwaka na hakijifunzi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walilifuatilia hilo kwa panya. Waliona kwamba kibofu kikishambuliwa mara kwa mara, kinga yake inaelekeza nguvu kukarabati ukuta ulioharibika kuliko kumuua mvamizi. Ina mantiki, kwa sababu ukuta ukivuja mkojo unapenya mwilini. Lakini bakteria wanaponea hapo hapo. Isitoshe, E. coli hujishikiza ukutani kwa vinyweleo vyenye protini iitwayo FimH, inayonasa sukari ya manosi kwenye seli za kibofu, kisha wengine huingia ndani ya seli zenyewe na kujificha hadi dozi iishe. FimH hiyo wapo wanaoitengenezea chanjo, ili bakteria akose pa kushika.

Iliyonigusa zaidi haichomwi. Inaitwa MV140, imetengenezwa Hispania, na ndani yake mna bakteria wa aina nne waliouawa. Unapulizia chini ya ulimi kila siku kwa miezi mitatu. Katika jaribio la wanawake 240 wa Hispania na Uingereza, lililochapishwa 2022, kati ya waliopewa dawa ya kulinganishia, isiyo na chanjo ndani, ni asilimia 25 tu waliomaliza kipindi cha kufuatiliwa bila kuugua. Kwa waliopewa chanjo miezi mitatu au sita ilikuwa asilimia 56 na 58. Nilimsimulia mama mdogo, nikamwambia ina ladha ya nanasi. Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea kwake: "Hao vijidudu wanne wa huko, ndio hawa hawa wangu?"

Sijaacha kuliwaza swali hilo. E. coli wana koti la nje la sukari, tunaliita O, na aina zake zinapita 180. Chanjo ya sindano ya Janssen iliyolenga aina tisa ilijaribiwa kwa wazee wa miaka 60 na zaidi, kuzuia E. coli anayeingia kwenye damu, na jaribio likasimamishwa Februari 2025 kwa kuwa haikuwakinga vya kutosha. Sisi Mbeya majaribio ya namna hii hatuyaogopi. PrEPVacc, ya chanjo ya VVU, ilifanyika hapa, na Dar es Salaam, Masaka na Durban. Nayo uchanjaji wake ulisimamishwa, 2023, lakini watu wetu walijitolea, na hao wakihitajika tena wapo. Kinachokosekana kwenye UTI ni bakteria wetu kuhifadhiwa na kutambuliwa koti kwa koti, ili mtengeneza chanjo ajue anapiga nini.

Maabara yetu haina vitendanishi vya kutambua O, wala friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Nimeandika barua mbili kuomba friji, na ya tatu naiandika wiki hii. Mama mdogo amemaliza vidonge vyake siku tano, anaendelea vizuri, jana amenitumia debe la viazi. Sahani yake iko kwenye ndoo ya taka za maabara pamoja na nyingine kumi na moja, na kesho asubuhi zote zinaingia kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke.