Wananiuliza Afrika Iko Wapi Katika Kwarteti Yangu

Wiki hii, katika semina ya watunzi hapa Ujerumani, ninakosomea utunzi wa muziki, kwarteti yangu ya nyuzi (kazi ya fidla mbili, viola, ambayo ni fidla kubwa kidogo, na chelo) ilipigwa hadi mwisho, kisha mwalimu mmoja aliyealikwa kutusikiliza akaniambia mbele ya wenzangu kwamba kazi ni safi, ila yeye haisikii Afrika ndani yake, na akapendekeza niongeze ngoma. Hasira yangu haijapungua, kwa sababu sehemu nzima ya pili ya kwarteti ile imejengwa juu ya maqamu ya Bayati, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, na Bayati niliichukua Unguja, katika mazoezi ya taarabu, kabla sijajua kusoma nota.

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa haya. Sultani Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi, tangu karne ya 19, kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kikaanzishwa mwaka 1905, na fidla zimekuwa zikilia katika kumbi zetu tangu zama za babu zetu. Katika Bayati inayoanzia re, noti ya pili huangukia kati ya mi na mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu sauti), mahali ambapo piano haina kitufe, lakini fidla haina vyuma shingoni kama gitaa, kwa hiyo kidole kinaweza kusimama popote sikio linapotaka. Kwa nini basi nyuzi hizo zihesabiwe kuwa mali ya Ulaya peke yake? Na ngoma nazo, iwe msewe au kidumbaki za Zanzibar, zina mahali pake, watu wake na sababu zake. Si chumvi ya kunyunyizia kazi ya mtu ili wasikilizaji watambue alikozaliwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba katika madarasa haya haya tunafundishwa kwa heshima kubwa jinsi György Ligeti, mtunzi wa Ulaya, katika miaka ya 1980, alivyozisikiliza rekodi za Afrika ya Kati zilizokusanywa na mtafiti wa muziki Simha Arom, na jinsi namna ile ya kupanga midundo ilivyoingia katika etyudi zake za piano, yaani vipande vya mazoezi, ambazo kitabu cha kwanza alikikamilisha mwaka 1985. Ligeti alistahili heshima hiyo, nami nampenda sana. Lakini yeye alipochukua kutoka kwetu aliitwa mtafiti, nami ninapoandika kilicho changu naombwa kitambulisho. Justinian Tamusuza wa Uganda aliandika kwarteti yake mwaka 1988, ala zile zile nne zikabeba muziki wa Kiganda, Kronos Quartet ya Marekani ikairekodi, na hata hivyo hapa sijamsikia mwalimu akimtaja.

Nisiwahukumu wote. Mwanafunzi anayepiga viola katika kwarteti yangu alibaki nami baada ya mazoezi, akaniomba nimwimbie mstari wake tena na tena mpaka kidole chake kikaijua ile noti ya pili, kisha akawafundisha wenzake bila mimi kumwomba. Nyumbani ningeandika kurasa ngapi bila kupata watu wanne wa kuzipiga? Hapa kila muhula kazi zangu hupigwa na watu hai, studio ya elektroniki iko wazi hadi usiku, na kila wiki naketi ana kwa ana na mwalimu wangu wa utunzi, ambaye husoma kila noti na kuniuliza kwa nini iko pale. Kwa hilo nitaendelea kulipa.

Nasema kulipa kwa sababu wengi huambiwa kuwa Ujerumani masomo ni bure. Jimbo la Baden-Württemberg, ninakosoma, hutoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na kabla ya viza wengi wetu hutakiwa kuweka euro 11,904 katika akaunti maalumu ya benki iliyozuiliwa, unayoruhusiwa kuchota euro 992 tu kwa mwezi. Badilisha fedha hizo kuwa shilingi, kisha uketi na wazazi wako kabla hujawaahidi lolote. Kazi unaruhusiwa kufanya siku 140 kamili kwa mwaka, nazo ni chache kwa mwenye kodi ya nyumba na nota za kuchapisha.

Anayetaka kuja kusoma utunzi asisubiri viza ndipo aanze. Mtihani wa kuingia hupima sikio, harmonia (upangaji wa sauti zinazolia pamoja) na piano, na jopo hutaka kuona nota zilizoandikwa vizuri pamoja na rekodi. Jifunze solfeji, yaani kusoma na kuimba nota, sasa, katika Dhow Countries Music Academy ukiwa Unguja, au kwa mwalimu wa kwaya ukiwa bara. Andika vipande vifupi kwa ajili ya watu unaowafahamu, uvisikie vikipigwa, uvisahihishe. Na jopo likikuuliza mbona hujaweka ngoma, waonyeshe ukurasa, uwaimbie noti ile ya pili.