Muda wa Kujaribu Tena

Jana kitinda mimba wangu alikuwa akisoma habari za seli, akainua kichwa: "Mama, kama seli zimepangiwa kufa, nani anaziambia zisife leo?" Nikamjibu kwa kifupi, akarudi kwenye daftari lake. Mimi sikuweza kurudi kwenye shughuli yangu, maana jibu la swali hilo niliwahi kuliona kwa macho.

Niliwahi kufanya kazi maabara. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kurudia jaribio ambalo kundi la Dan Littman, mtafiti wa kinga ya mwili wa New York, lilichapisha mwaka 2000. Unatoa seli kwenye thaimasi za panya, tezi iliyo nyuma ya kidari ambamo seli T, askari wa kinga ya mwili, hulelewa. Sahani moja ni ya panya wa kawaida, nyingine ya panya walioondolewa jeni iitwayo RORγ. Unazilisha sawasawa, unaziacha kwenye joto la mwili, unangoja.

Kesho yake nikatia anneksini, protini iliyobandikwa rangi inayong'aa kijani, ambayo hunata pale tu inapokuta mafuta fulani ya utando yaliyogeuka kutoka ndani kuja nje, dalili ya seli iliyoanza kufa. Nikazima taa ya chumba. Sahani ya kwanza: giza, na nukta za kijani zimetawanyika. Nikaweka ya pili. Kijani kila nilikosogeza lenzi. Nikarudi kwenye mwanga wa kawaida nizitazame zenyewe, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu. Hazikuwa zimepasuka. Zilikuwa zimenywea, viini vimeshikamana na kukatika vipande, utando umefura malengelenge, kila kipande kimefungwa ndani ya kifuko chake. Ndicho kifo ambacho Kerr, Wyllie na Currie walikiita apoptosisi mwaka 1972. Hakuna aliyezitilia sumu. Zilikosa protini moja tu, RORγt, inayotokana na jeni ile ya RORγ, ambayo kazi yake ni kushika DNA na kuwasha jeni nyingine.

Sahani ya tatu ilikuwa ya panya wasio na RORγ lakini walioongezewa Bcl-xL, protini inayozuia mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zisitoboke na kuanzisha kifo. Nikaogopa kuitazama. Nikaitazama. Giza tena, nukta chache. Zilikuwa hai! Nilihisi machozi, na sioni haya kusema hivyo.

Mengine nayapitia haraka. Seli T changa katika hatua ile huishi siku tatu au nne hivi, na katika muda huo hupanga upya vipande vya jeni ya kipokezi chake, protini ya juu ya seli inayotambua vitu vigeni. Mpangilio usipofaa, hujaribu vipande vya mbali zaidi. Ikifa mapema, vya mbali haivifikii. Na hata zikilindwa, nyingi mno hufia humohumo thaimasi, kwa kuwa vipokezi vyao havifai au vinaushambulia mwili wenyewe. Kwa hiyo RORγt haiziahidi uhai. Inazipa nafasi ya kujaribu tena. Kwangu hilo ni zuri kuliko ahadi.

Ningependa kuishia hapo, lakini baadhi ya panya wale wasio na RORγ tuliwaacha wakue. Baada ya miezi kadhaa wengine wakaanza kuhema kwa shida. Thaimasi zilikuwa zimevimba: limfoma, saratani ya seli za kinga, kama wengine walivyokwisha kuripoti. Seli zisizo na RORγt hufa upesi, lakini pia breki za kugawanyika kwake hulegea, na kati ya hizo zinazokufa kwa wingi hutokea chache zisizokufa kabisa. Hadi leo nikiulizwa kama RORγt inailinda seli au inaulinda mwili dhidi ya seli, naanza kujibu upande mmoja na kujikuta nimemalizia upande wa pili.